Mutisya Munge, mpagazi aliyegeuza uchongaji wa Ukambani

KIGODA cha Kikamba kinapotandazwa kati ya vinyago katika soko la Kariokor, Nairobi, mteja huuliza kwanza umri wake, na aghalabu hujibiwa kwamba ni cha enzi za mababu. Jibu hilo laweza kupimwa, na kipimo chenyewe hakiwezi kutenganishwa na maisha ya mtu mmoja wa Wamunyu, Mutisya Munge, anayetajwa kuwa mwasisi wa biashara ya vinyago nchini Kenya.

Wamunyu ni kituo kilichoko kwenye barabara inayotoka Machakos kuelekea Kitui. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, mafundi wa huko walichonga vitu vya matumizi: mizinga ya nyuki, vijiko, fimbo na vigoda. Mutisya alikulia katika utamaduni huo.

Kigoda cha mzee kilikuwa na heshima yake. Kilichongwa kutoka gogo moja bila msumari wala gundi, mara nyingi kikiwa na miguu mitatu na kikalio cha duara kilichobonyea kidogo katikati. Juu ya kikalio, fundi aligongomea waya mwembamba wa shaba hadi ukazama katika mti, akiuzungusha kwa mizunguko kama ya konokono. Wakamba walisifika kwa ufuaji wa mikufu na nyaya, na misafara yao ya biashara ilifika pwani tangu karne ya 19, hivyo shaba haikuwa kitu kigeni kwao. Mwenye kigoda alikwenda nacho barazani. Kazi ya namna hiyo ilifanywa kwa ajili ya mtu anayejulikana, si kwa mpita njia.

Vita vilipozuka mwaka wa 1914, Waingereza walihitaji watu wa kubeba vyakula na risasi katika kampeni dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika. Kikosi cha wapagazi, kilichoongozwa na Oscar Watkins, kiliwachukua vijana kutoka kila pembe ya nchi, wengi wao kwa lazima, hasa katika msako mkubwa wa mwaka wa 1917. Makumi ya maelfu hawakurudi. Waliuawa na maradhi, njaa na uchovu kuliko risasi.

Jina la Kiingereza la kikosi hicho ndilo lililozaa Kariokor ya Nairobi, mahali palipokuwa na kambi ya wapagazi, na Kariakoo ya Dar es Salaam. Mutisya alikuwa miongoni mwao. Ni ajabu, na pengine ni haki, kwamba vinyago vya Wakamba vimeuzwa kwa miongo mingi katika soko lenye jina la jeshi lililomtoa kwao.

Huko kusini ndiko alikokutana na wachongaji wengine. Ni akina nani hasa? Hapa masimulizi hugawanyika. Simulizi inayopendwa na waongozaji wa watalii husema ni Wamakonde. Watafiti walioichunguza biashara hiyo katika miaka ya 1950 waliwataja Wazaramo wa viunga vya Dar es Salaam, jamii yenye sifa ya vinyago vya mwana hiti na nguzo za makaburi.

Dar es Salaam iliangukia mikononi mwa Waingereza Septemba 1916, na baada ya hapo wapagazi walijaa katika eneo hilo. Kweli vita viliendelea hadi nyanda za Wamakonde mwaka wa 1917, kwa hiyo simulizi ya pili si muhali. Hata hivyo, umaarufu wa Wamakonde katika soko la vinyago ulikuja baadaye, na yaelekea jina lao liliingizwa katika hadithi kwa sababu ndilo linalojulikana zaidi leo. Ushahidi unawaelemea Wazaramo.

Mutisya aliporejea Wamunyu alikuwa amejifunza jambo kubwa kuliko mbinu ya kukata mpingo. Alikuwa ameona kwamba kinyago chaweza kuchongwa bila kumjua mnunuzi wake, kikauzwa kwa Mzungu, na fedha zikalipa kodi. Inasimuliwa kwamba mwanzoni ujuzi huo ulibaki ndani ya jamaa yake, kisha majirani wakauiga, na hatimaye tarafa nzima ikashika tezo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili wachongaji walikuwa wamejazana Nairobi, wakifanya kazi Pumwani na Gikomba, ambako baadaye ushirika wao ulijenga vibanda vya kuchongea.

Kwa mtu anayekagua kigoda, mabadiliko hayo ndiyo mpaka. Kiti chenye egemeo refu lililochongwa twiga au simba ni cha upande wa huku, wa soko la watalii, hata kama kimepakwa masizi na kufukiwa ardhini ili kizeeke. Mti nao husema. Mpingo na muhugu vilitumika zamani, lakini jakaranda ni mti ulioletwa na walowezi, na mwarobaini ulihimizwa kwa wachongaji katika miaka ya 1990 muhugu ulipoadimika. Kigoda cha mwarobaini hakiwezi kuwa cha babu wa babu.

Kisha kigeuzwe. Kigoda kilichokaliwa kwa miaka mingi hung'aa juu kwa kusuguliwa na mwili, ilhali chini hubaki na alama za tezo. Miguu yake huwa imelika bila usawa. Waya wa zamani huwa umekaa sawa na uso wa mti, na unene wake hutofautiana hapa na pale. Kikinuka rangi ya viatu, na kung'aa kwake kumeenea sawa juu na chini, hakuna haja ya kuendelea kuuliza.

Suala hili si la wapenzi wa sanaa peke yao. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka wa 1895, na kukisafirisha nje ya nchi bila kibali ni kosa. Mwaka huo ulitangulia kwa takriban miaka 20 vita vilivyompeleka Mutisya kusini. Familia inayouza kigoda cha shaba kwa bei ya kuni haipotezi fedha tu. Huenda inakitoa kitu ambacho sheria inakilinda, huku mtalii uwanjani akijitia hofu kwa kigoda kilichochongwa Gikomba mwezi uliopita.

Mutisya Munge alifariki miaka mingi kabla ya uhuru. Wachongaji wa kizazi chake hawakuwa na desturi ya kutia majina kwenye kazi zao, na hapana alama inayoweza kutenga mkono wake na mikono ya jamaa aliowafundisha. Muuzaji anayeapa kwamba kigoda alichokishika kilichongwa na Mutisya mwenyewe hana cha kuthibitishia hilo.