Mtakatifu Vincent de Paul: Huruma Yenye Utaratibu

Ninyi mnaojitayarisha kupokea ubatizo, mmekwisha kusikia katika mafundisho kwamba Mkristu hupaswa kuwasaidia maskini. Juu ya neno hilo hakuna ubishi. Lakini mtu aweza kutoa kwa moyo mweupe, na hata hivyo sadaka yake isimfae maskini. Kwa sababu hiyo tunawasimulia maisha ya padri mmoja wa Ufaransa, aliyelitambua jambo hilo siku moja ya joto kali, akiwa njiani kwenda kuwatazama wagonjwa.

Vincent de Paul alizaliwa mwaka 1581 katika kijiji cha Pouy, karibu na mji wa Dax, upande wa kusini-magharibi wa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye utotoni alichunga wanyama wa baba yake. Kwa kuwa alikuwa mwepesi wa akili, walimpeleka shuleni, akapata upadri mwaka 1600, angali kijana wa miaka 19. Tusifiche neno: siku zile alitafuta zaidi cheo chenye mapato mazuri, apate kuwainua jamaa zake. Utakatifu wake haukutokea siku moja.

Baadaye alikwenda Paris, akawa mwalimu wa watoto katika nyumba ya ukoo mkubwa wa Gondi. Mwaka 1617 akatoka humo, akawa paroko wa Châtillon, mji mdogo upande wa mashariki, si mbali sana na Lyon.

Dominika moja ya mwezi wa Agosti, alipokuwa akivaa mavazi ya Misa, mama mmoja aliingia sakristia kumpasha habari. Nje ya mji, alisema, kuna jamaa moja ambayo watu wake wote wamelala wagonjwa, hata hakuna wa kumpa mwenzake chakula wala dawa. Vincent aliguswa sana. Katika mahubiri yake aliwasihi watu wawahurumie ndugu hao, na Mungu alitia nguvu katika maneno yake. Jioni, baada ya sala za alasiri, naye alishika njia kwenda kuwatazama. Lo! Njia nzima imejaa watu. Wengine waenda, wengine warudi, wengine wameketi kando ya njia kupumzika kwa sababu ya jua, na vyakula vilivyochukuliwa ni vingi kama vya arusi.

Padri mwingine angalirudi nyumbani akiyashangilia mahubiri yake. Vincent alifurahi pia, lakini hakuacha kufikiri. Aliona kwamba wagonjwa hao leo wamepewa kupita kiasi. Sehemu itaoza, na baada ya siku chache watarudi katika njaa ile ile. Mioyo ya watu wa Châtillon haikuwa na kasoro. Kilichopungua kilikuwa utaratibu.

Nasi twalijua jambo hilo. Akifa mtu kijijini, kila nyumba huleta unga, sombe na kuku, na siku za matanga chakula hubaki hata mbwa wakashiba. Mwezi wa pili mjane analala njaa pamoja na watoto wake. Wala hakuna amchukiaye. Kila mmoja adhani kwamba jirani amekwisha kumpelekea kitu.

Basi hazikupita siku nyingi, Vincent akawakusanya wanawake kadha wa mji, akawaomba wapokezane, kila mmoja siku yake. Kisha akaandika kanuni, na tarehe 8 Desemba 1617 chama kikasimikwa rasmi: Chama cha Mapendo. Katika kanuni hiyo aliweka mambo mengi madogo. Wa kusaidiwa ni maskini wa kweli walio wagonjwa. Feza hutunzwa katika sanduku lenye kufuli mbili tofauti. Ufunguo mmoja hushikwa na mama mkuu wa chama, wa pili na mtunza feza. Hesabu hutolewa kila mwaka. Mkate, nyama na mchuzi wa kumpa mgonjwa vimetajwa kwa kipimo chake.

Hata hivyo msidhani kanuni hiyo ni kavu kama daftari ya duka. Mwanamke amwendeaye mgonjwa amsalimu kwa uso wa furaha, amtandikie kitambaa, amwoshe mikono, amshawishi ale kama mama amlishavyo mwanawe. Tena aanze kwa mgonjwa aliye na mtu wa kumwangalia, na amalizie kwa yule aliye peke yake, apate kukaa naye kitambo zaidi. Sijui kama kuna mstari mwingine katika kanuni zote za vyama unaozidi huo kwa hekima.

Mwaka 1621 alipita Mâcon, mji uliojaa waombaji. Watu walimcheka alipotaka kuweka utaratibu, wakamnyoshea vidole njiani. Aliandikisha majina ya maskini wa mji, wapata 300, wapewe mgawo wao kila Dominika. Msafiri alilazwa usiku mmoja, akapewa sarafu mbili za njiani. Wenye kuona haya kuomba walisaidiwa nyumbani kwa siri. Kazi ilipokamilika, wale waliocheka walitoa machozi ya furaha.

Mwaka 1625 alianzisha shirika la mapadri wa Misioni, na mwaka 1633, pamoja na Louise de Marillac, Mabinti wa Mapendo, masista waliotembea barabarani kuwafuata wagonjwa nyumbani mwao.

Lakini hapana budi tukae kidogo juu ya watoto wachanga wa Paris. Kila mwaka mamia waliachwa barabarani na milangoni mwa makanisa. Walipelekwa katika nyumba moja, na humo karibu wote walikufa. Mabibi wa chama chake walikwenda kutazama, wakaona uchungu, wakatamani kuwachukua wote. Feza hazikutosha. Mwaka 1638 wakaanza na 12 tu, waliochaguliwa kwa kura. Fikirini ugumu wa kupiga kura ile! Lakini hao 12 walipata maziwa na walezi, na mwaka 1640 chama kiliweza kuwapokea wote.

Kisha gharama zikazidi, deni likakua, na karibu na mwaka 1647 mabibi walifanya hesabu wakaona kazi haiwezekani tena. Hesabu yao ilikuwa ya kweli, wala Vincent hakuikana. Aliwaonyesha tu kwamba wanayoyakatia shauri siyo mambo ya feza, bali uhai wa watoto walio mikononi mwao, wakiwaacha, watakufa. Wakalia, wakatafuta njia nyingine za kupata feza, na kazi ikaendelea. Mtu yule yule aliyewafundisha wa Châtillon kuhesabu, aliwazuia wa Paris wasisimame penye hesabu.

Tangu mwaka 1639 vita viliharibu Lorraine. Bruda Mathieu Regnard alipita zaidi ya mara 50 kati ya askari na wanyang'anyi, amebeba feza za maskini katika mfuko mkuukuu. Hata mwaka 1659, angali mzee mwenye miguu mibovu, Vincent alimwandikia Bruda Jean Parre, aliyekuwa akiwahudumia watu wa majimbo mengine yaliyoharibiwa na vita. Aliagiza wenye shamba walitayarishe, wapelekewe mbegu. Wanaume wasio na shamba wapewe vyombo vya kazi, na wanawake vyombo vya kusokotea nyuzi. Wasioweza kazi waendelee kulishwa.

Alikufa Paris tarehe 27 Septemba 1660, ameketi kitini. Papa Clemens XII alimwandika katika hesabu ya watakatifu mwaka 1737, na sikukuu yake huadhimishwa siku ile ile ya kufa kwake.