Friedrich Wilhelm Raiffeisen: Meya Aliyewafundisha Wakulima Kudhaminiana

Sisi mafrateri wengi ni watoto wa wakulima. Tunajua mzazi anavyohangaika shule zinapofunguliwa na mahindi bado yako shambani. Wengine hukimbilia mikopo ya kausha damu. Kule Kagera wapo waliouza butura, kahawa ikiwa bado mtini. Ndiyo maana tumeona vema kusimulia maisha ya mlei mmoja wa Ujerumani, Mprotestanti, ambaye vyama vyetu vya akiba na mikopo vimerithi mengi kutoka kwake.

Friedrich Wilhelm Raiffeisen alizaliwa tarehe 30 Machi 1818 huko Hamm, kando ya mto Sieg. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo, na mchungaji wa hapo akamsaidia katika masomo. Aliingia jeshini, lakini ugonjwa wa macho ukamtoa. Mwaka 1845 akawa meya wa Weyerbusch, eneo la vijiji maskini.

Mwaka uliofuata mavuno yaliharibika, njaa ikaingia. Serikali ilileta unga, ila kwa sharti la kulipa fedha taslimu. Maskini wangezipata wapi? Raiffeisen aliwakusanya wenye uwezo wakachanga, wakajenga tanuri, na wenye njaa wakapewa mkate kwa mkopo.

Mwaka 1848 alihamia Flammersfeld. Huko aliona balaa jingine: mkulima alimchukua ng'ombe kwa mlanguzi kwa mkopo, riba ikapanda, mwishowe akapoteza ng'ombe na shamba. Mwaka 1849 Raiffeisen aliwashawishi matajiri wapatao 60 wawadhamini wakulima, wapate mifugo na kulipa kidogo kidogo. Mwaka 1854, akiwa Heddesdorf, alianzisha chama kingine cha hisani, kilichowajali pia watoto waliokosa malezi na watu waliotoka gerezani.

Lakini vyama hivyo vilitegemea huruma ya matajiri, na miaka ilipopita matajiri walichoka. Wao ndio waliobeba dhamana, na manufaa yalikuwa ya wengine. Raiffeisen, aliyeamini kwamba upendo wa wenye nacho ungetosha, alilazimika kubadili mawazo. Mwaka 1864 aliunda chama cha mikopo cha namna nyingine: anayetaka kukopa sharti awe mwanachama, na wanachama wote wadhaminiane kwa mali zao. Taratibu za vyama vyake zikawa hizi: eneo liwe dogo, watu wafahamiane, viongozi wajitolee bila mshahara, isipokuwa mtunza hesabu, faida isigawanywe, bali iwe akiba ya wote. Mkulima aliyezoea kupokea msaada sasa alimdhamini jirani yake.

Mke wake alifariki mwaka 1863, na macho yakazidi kufifia. Mwaka 1865 aliacha umeya. Binti yake Amalie akawa macho na kalamu yake, na mwaka 1866 kikatoka kitabu chake juu ya vyama hivyo. Alifariki Neuwied tarehe 11 Machi 1888. Baadaye mapadre Wakatoliki wa Ujerumani na Italia nao walianzisha vyama kama hivyo parokiani.

Mungu akipenda, kesho tutakuwa maparoko. Mama atabisha hodi akiomba ada ya mtoto, au kijana mtaji wa kufuga kuku. Tutajaribiwa kutoa mfukoni au kuwaandikia wafadhili, kisha basi. Siku ya njaa tutoe, kama Raiffeisen alivyotoa mkate. Ila tukiishia hapo, siku mfadhili akichoka yule mama atarudi kwa mkopeshaji wake.

Kila parokia ina Jumuiya Ndogondogo za watu wanaofahamiana kwa majina na kwa mashamba. Kijana asiye na hati ya kiwanja anaweza kudhaminiwa na jumuiya inayomjua. Kazi hiyo ina gharama, maana mmoja akishindwa kulipa, wenzake watalipa. Je, tunapendana kiasi hicho? Tujiulize jumuiyani wiki hii.