Tingatinga: Msee wa Mkonge Aliyeachia Dunia Style ya Kuchora

Kama uko Hadado na hustle yako ni kuchora ngamia kwa kuta za maduka, hii stori ni yako.

Unakumbuka katuni ya Tinga Tinga Tales, ile ilitengenezwa hapa Nairobi? Hilo jina halikutoka kwa trekta. Lilikuwa la msee wa ukweli, Edward Saidi Tingatinga.

Alizaliwa 1932 huko Tunduru, kusini mwa Tanzania. Kwao hakukuwa na doo, na shule hakufika mbali. Akaenda Tanga kupiga kazi ya mkonge, halafu akaingia Dar kusaka maisha. Huko alifanya kazi za mkono, hadi kutunza bustani ya mzungu. Shule ya sanaa hakuwahi kukanyaga.

Alishika brashi 1968, akiwa na miaka kama 36. Vitu vya wasanii vilikuwa bei, so akachorea kwa siling bodi, kipande cha futi mbili kwa mbili hivi. Rangi? Ile ya kupaka baiskeli. Ndio maana picha zake zinang'aa vile. Chui, tembo, ndege, mnyama mmoja anajaza bodi yote. Alikuwa akiziuza nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, mahali wazungu walikuwa wakifanya shopping. Zikashika.

Sasa cheki. Wengi wetu tukipata line ya pesa tunaificha. Yeye aliita vijana wa kwao, kina Ajaba Abdallah, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Simon Mpata, akawafunza. Hakuna cheti. Unakaa chini, unaangalia, unapaka.

1972, risasi ya polisi ikammaliza hapo Dar. Walidhani ni mwizi anatoroka. Alikuwa na miaka kama 40, na alikuwa amechora miaka minne tu. Kijana yeyote wa mtaa anajua vile hiyo inauma.

Lakini mbogi yake haikuweka brashi chini. Wakafunza wengine, na 1990 wakaunda chama cha ushirika. Leo hiyo style inaitwa Tingatinga, kote duniani.

Mimi chuo niliachia njiani, so sitakudanganya ati ni rahisi. Lakini ukirudi kwa huo ukuta kesho, beba dogo mmoja, umpe brashi.