Apolo Kivebulaya: Jembe, Mkuki na Koti Jekundu

Askari akaaye Ntinda, upande wa mashariki wa jiji la Kampala, hana haja ya kwenda mbali ili aone jinsi binadamu wanavyoyakimbilia malengo yao. Na asimame tu kwenye njia panda asubuhi. Mwenye pikipiki anatafuta abiria, mwenye duka anafungua milango, kijana wa kiwandani anawahi zamu. Kila mtu ana lake, na ni haki yake. Lakini wapo pia wapitao kwa kumsukuma mwenzao mtaroni, wala jambo hili haliko barabarani peke yake. Katika kambi, kama katika ofisi yoyote, si ajabu kusikia kwamba fulani alipata cheo baada ya kumchongea mwenziwe kwa mkubwa.

Neno hili lamhusu hasa Mkristo aliyevaa sare, kwa sababu yeye amekabidhiwa silaha, na mwenye silaha akiwa na haraka ya kufika, anayeumia mara nyingi ni mtu asiyehusika kabisa. Ndiyo maana nimeona vema kueleza habari za mtu ambaye naye aliijua silaha kabla ya kuijua Biblia: hayati Kanoni Apolo Kivebulaya.

Alizaliwa mnamo mwaka 1864 huko Kiwanda, katika Singo, nchini Buganda. Alikuwa pacha, hivyo akaitwa Waswa kama ilivyo desturi ya Waganda. Ujana wake uliangukia nyakati mbaya. Mwaka 1886 Kabaka Mwanga aliamuru Wakristo wachomwe moto Namugongo, mahali ambapo leo mtu hufika kutoka Ntinda kwa safari fupi. Mwaka 1888 vikazuka vita vya dini, Waganda wakaelekezeana bunduki, na kila kundi likaamini kuwa lengo lake ndilo jema. Kijana Waswa alipitia Uislamu, akashika silaha katika vita hivyo, kisha akavutwa na mafundisho ambayo alipata kuyasikia kwa mmisionari Alexander Mackay. Januari 1895 akabatizwa, akapewa jina la Apolo. Jina la Kivebulaya, yaani kitu kilichotoka Ulaya, watu walimpachika kwa sababu ya koti jekundu la kijeshi alilopenda kulivaa. Basi koti la askari lilibaki mwilini, ingawa vita alikwisha kuviacha.

Mwaka 1895 huo huo alikwenda Toro kufundisha. Ng'ambo ya milima ya Ruwenzori na bonde la mto Semliki, kando ya msitu mkubwa wa Ituri, palikuwa na nchi ndogo iitwayo Mboga, chini ya mtawala Tabaro. Walimu wawili wa kwanza waliotangulia huko walishindwa, na kilichowashinda kilikuwa njaa. Tabaro hakupendezwa nao, watu wakawanyima chakula, nao wakarudi. Mwaka 1896 ikatafutwa nafsi nyingine ya kwenda, na Apolo akakubali. Alipoonywa kwamba atakufa njaa, alionyesha jembe lake.

Mimi naliona jembe hilo kuwa jambo kubwa kuliko yote katika maisha yake. Katika zama zile, msafiri mwenye nguvu alikula kwa jasho la wenyeji. Misafara yenye bunduki ilipita vijijini ikichukua mbuzi na ndizi, na wenye mali wakakimbilia porini. Apolo alikuwa na lengo, tena lengo aliloamini kuwa ni la Mungu mwenyewe, lakini hakuona kwamba utakatifu wa lengo ulimpa ruhusa ya kula shamba la mtu. Alilima, akala alichokilima.

Tabaro hakumwacha astarehe. Mafundisho juu ya ndoa na ulevi yalimchukiza, na Apolo akapigwa vibaya hata ikadhaniwa amekufa. Mwanamke mmoja alimhurumia, akamtunza hata akapona. Aliporudi mbele za watu hakuja na kundi la kulipiza kisasi. Alipiga ngoma ya kuwaita wasomaji, kama alivyokuwa akifanya siku zote.

Sasa nafika kwenye habari ambayo wasimulizi wengine huipita upesi, nami sitaki kuipita. Katika siku hizo za Mboga, mkuki wa Apolo ulikuwa umewekwa katika majani. Mke wa mwalimu mwenzake Sedulaka akauangukia, ukamchoma, akafa. Hakukuwa na ugomvi wala nia mbaya. Palikuwa na silaha iliyowekwa mahali pasipofaa, basi. Apolo alishitakiwa kwa kuua, akapelekwa Toro, akatiwa gerezani. Humo, kwa maelezo yake mwenyewe, alimwona Kristo akimtia moyo. Baadaye akaachiliwa. Kila askari aliyewahi kuegemeza bunduki ukutani huku mawazo yake yakiwa mahali pengine ataelewa uzito wa kisa hiki bila kuelezwa zaidi. Mtu aliyekuwa mwangalifu hata asile ndizi ya jirani bila kuilipia kwa jasho, alikuja kuwa sababu ya kifo cha mke wa rafiki yake. Naye alirudi Mboga, kwa watu wale wale waliolijua tukio hilo, akaishi mbele ya macho yao.

Tabaro, aliyemtesa, mwishowe aliamini akabatizwa, akaitwa Paulo. Hakunyang'anywa utawala wake ili Injili iingie.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903, akatumika Toro kwa miaka mingi. Wakoloni walipopanga upya mipaka yao, Mboga iliangukia upande wa Kongo ya Wabelgiji, na mnamo mwaka 1915 Apolo akarudi huko. Kuanzia mwaka 1921 alijitia msituni kwa Wambuti, watu wafupi ambao majirani waliwadharau na kuwatumikisha. Hakuwatoa msituni kwa nguvu. Aliwafuata kambini mwao, akaketi nao, akajishughulisha na kuitafsiri Injili ya Marko katika lugha yao. Mwaka 1922 alipewa heshima ya ukanoni wa Namirembe, lakini maisha yake hayakubadilika. Hakuoa, wala hakujilimbikizia mali.

Alipougua na kuona kwamba siku zake zimekwisha, aliomba azikwe Mboga, kichwa chake kikielekea magharibi, kwenye msitu, na si mashariki alikozaliwa, kwa kuwa huko msituni kazi ilikuwa bado. Alifariki tarehe 30 Mei 1933, naye akazikwa kama alivyoomba.