William Lever: mtoto wa muuza duka wa Bolton ambaye sabuni yake ilimfikisha Kongo

Wakaaji wa Lokutu, katika jimbo la Tshopo, na wale wa Lusanga, kule Kwilu, wanajua mashamba ya mingazi yaliyoachwa na Waingereza. Si wote wanaojua kwamba mwenye kuanzisha kazi hiyo, William Hesketh Lever, hakuwa mwanajeshi wala mtu wa serikali. Alikuwa mtu wa duka. Alijifunza biashara akikata sabuni nyuma ya meza ya baba yake.

Lever alizaliwa tarehe 19 Septemba 1851 huko Bolton, mji wa viwanda vya pamba kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Baba yake, James Lever, alikuwa muuza vyakula, mtu wa kanisa na wa mahesabu. William alikuwa mtoto wa saba na mvulana wa kwanza, kwa hiyo duka lilikuwa likimngoja tangu siku aliyozaliwa. Mama yake alitamani awe daktari. Yeye mwenyewe alipenda kuchora majengo. Mwaka 1867, akiwa hajatimiza miaka 16, baba yake alimtoa shuleni na kumvalisha aproni. Malipo yalikuwa shilingi moja kwa juma, pamoja na chakula na kitanda cha nyumbani.

Duka la Uingereza la wakati ule halikufanana na yale ya leo, ambamo mteja anajichukulia vitu mwenyewe. Mteja alisimama mbele ya meza, akataja anachotaka, na muuzaji akakikata, akakipima na kukifunga katika karatasi. Chai ilikuja katika masanduku makubwa, siagi katika mapipa, sukari katika donge gumu lenye umbo la mlima ambalo lilipasuliwa kwa chuma. Sabuni ilikuja katika miche mirefu isiyo na jina. Kijana Lever alifungua mbao za madirisha asubuhi, akafagia, kisha akaanza kukata: sukari, sabuni, sukari, sabuni. Wamama wanaokata mche wa sabuni vipande vipande katika masoko yetu wangeielewa kazi yake mara moja.

Mambo yote katika duka la namna hiyo yalisimama juu ya mizani na juu ya uaminifu wa mwenye kuishika. Na uaminifu haukuwa mwingi. Kulikuwa na wauzaji waliochanganya unga na chokaa, au chai na majani ya miti mingine. Si mbali na Bolton, katika mji wa Rochdale, wafumaji na mafundi maskini walichoka na mambo hayo, wakachanga feza na kufungua duka lao wenyewe mwaka 1844, ili kuuza kipimo kamili cha chakula kisichochanganywa. Maduka ya ushirika wa namna hiyo yalienea kote nchini, na sheria za kuzuia uchafuzi wa vyakula zikafuata. Lever alikomaa kibiashara katika miaka hiyo ambapo mwanamke wa kazi aliingia dukani akiwa na peni chache na mashaka mengi.

Mwaka 1872 baba yake alimfanya mshirika. Miaka miwili baadaye alimwoa Elizabeth Ellen Hulme, binti ambaye walifahamiana tangu utoto. Hakukaa nyuma ya meza. Alipanda kigari cha farasi, akazunguka vijiji vya Lancashire akipokea oda za wauza maduka wadogo, na kila alipomaliza mapema alisukuma mbele hadi kijiji kilichofuata. Kwa njia hiyo alifika Wigan, akafungua tawi huko. Huenda alijifunza zaidi ndani ya kigari kile kuliko ndani ya duka, maana aliona madirisha ya mamia ya maduka, na katika yote sabuni ilikuwa ile ile: mche usio na jina, unaotoa jasho na kunuka mafuta ya wanyama.

Hapo ndipo alipopata wazo lake. Mwaka 1884 aliandikisha jina Sunlight. Mwaka uliofuata, yeye na ndugu yake James walikodi kiwanda huko Warrington na kuanza kupika sabuni yao. Waliweka mafuta mengi zaidi ya mimea, yakiwemo ya nazi na ya mbegu za ngazi, ili itoe povu kwa urahisi. Lakini jambo kubwa lilikuwa karatasi. Sabuni ya Lever ilitoka kiwandani ikiwa imekwisha kukatwa, imekwisha kupimwa, imefungwa na kupewa jina. Mteja hakuhitaji tena kumwamini muuza duka. Alimwamini Lever, mtu ambaye hakumwona hata siku moja. Mtoto wa muuza duka alikuwa amewanyang'anya wauza duka kisu na mizani. Alijaza kuta za miji yote matangazo, akatoa zawadi kwa wale waliorudisha karatasi za kufungia, na mwaka 1889 alinunua picha ya mchoraji mashuhuri, William Frith, akaigeuza kuwa tangazo la sabuni. Mchoraji hakufurahi.

Mwaka 1888 kazi ya ujenzi ilianza kando ya mto Mersey, na kiwanda kipya kikapewa jina la sabuni yenyewe: Port Sunlight. Kandokando yake Lever alijenga kijiji cha wafanyakazi, nyumba nzuri zenye bustani, shule na kanisa. Kwa kulinganisha na vichochoro vya Bolton ilikuwa kama ndoto, ingawa mtu aliyepoteza kazi alipoteza na nyumba.

Mwaka 1906 Lever alichaguliwa kuwa mbunge, na mwaka huo huo mizani ilimrudia. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda. Badala ya kupandisha bei ya sabuni, alipunguza uzito wake: kipande kilichokuwa na aunsi 16 kikawa na 15, kwa peni zile zile. Kisha akaungana na wenye viwanda wengine ili wasishindane tena. Gazeti la Daily Mail lilimshambulia kwa majuma mengi, likimwita mtu anayewaibia maskini. Wateja walikimbia, umoja ule ukavunjika kabla ya mwisho wa mwaka. Lever alilishtaki gazeti, na mwaka 1907 akapata fidia ya paundi 50,000, kiasi ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana katika kesi za namna hiyo. Kesi aliishinda kabisa. Lakini aunsi ile moja iliyopungua ilikuwa kweli, na wanawake waliofua nguo za wengine kwa malipo waliihisi.

Fundisho alilolipata lilikuwa lingine: anayemtegemea mtu mwingine kwa mafuta hana biashara. Alitafuta mafuta yake mwenyewe, akageukia Afrika. Waingereza waliotawala Afrika ya Magharibi walikataa kumpa ardhi kubwa aliyoitaka. Ubelgiji haukukataa. Tarehe 14 Aprili 1911 alitia sahihi mapatano na serikali ya Brussels, na kampuni ya Huileries du Congo Belge, HCB, ikazaliwa. Ilipewa maeneo matano ya duara, kila moja lenye kilometa 60 kutoka katikati hadi ukingoni, na ndani yake haki ya kuchagua hadi hekta 750,000. Lusanga ikaitwa Leverville. Kituo cha karibu na Barumbu, ambacho leo ni Lokutu, kikaitwa Elisabetha, jina la malkia wa Wabelgiji, na kile cha karibu na Bumba kikaitwa Alberta, jina la mfalme.

Kwenye karatasi, mapatano yalikuwa mazuri: mshahara usiopungua santimu 25 kwa siku, shule, hospitali. Lever alikuja mwenyewe kutazama kazi mwaka 1912, na alipenda kujiona kama mtu anayeleta Port Sunlight nyingine. Vijijini mambo yalikuwa tofauti. Kupanda mungazi kwa kamba kiunoni na kukata mikungu ni kazi ya hatari, na watu waliokuwa na mashamba yao hawakuiona faida yake. Basi wakala wa serikali na machifu waliwatafutia kampuni watu kwa kodi, kwa vitisho na kwa askari. Wanawake na watoto walibeba. Mwaka 1923 daktari wa serikali, Emile Lejeune, aliandika ripoti juu ya kambi za wafanyakazi wa Leverville: chakula kidogo, makao mabaya, magonjwa. Mtu aliyejua kuhesabu kila aunsi ya sabuni hawezi kusemwa kwamba hakujua kuhesabu.

Wakati huo Lever alikuwa tayari bwana mkubwa wa Uingereza, Lord Leverhulme. Mke wake alifariki mwaka 1913, na kwa kumbukumbu yake alijenga nyumba ya sanaa huko Port Sunlight. Alikuwa pia amenunua visiwa viwili vya Scotland, Lewis na Harris, ambako alitaka kugeuza wakulima wadogo kuwa wavuvi wa kampuni. Ili kuuza samaki wao alianzisha maduka ya Mac Fisheries, akinunua maduka ya samaki mji baada ya mji, hadi yakapita 300. Waingereza waliozeeka wanayakumbuka: alama ya samaki wanne, na meza ya mawe iliyoelekea barabarani, samaki wamelazwa juu ya barafu. Lakini wanajeshi waliorudi vitani walikuwa wameahidiwa ardhi. Huko Lewis waliingia katika mashamba na kuyagawana, na Lever hakuweza kuwaletea askari kama ilivyofanyika Kwilu. Mwaka 1923 aliondoka Lewis. Maduka yalibaki, visiwa havikubaki.

Mwisho wa 1924, akiwa na miaka 73, alisafiri tena hadi Kongo. Alirudi Uingereza Machi 1925, na tarehe 7 Mei akafa kwa ugonjwa wa mapafu nyumbani kwake Hampstead, London. Alizikwa Port Sunlight, kando ya mke wake.

Miaka minne baadaye kampuni yake iliungana na Waholanzi wa margarini, ikawa Unilever. Mwaka 1931, bei ya ngazi ilipoanguka na kodi haikupungua, Wapende wa Kwilu waliasi. Wakala Mbelgiji, Maximilien Balot, aliuawa, na jeshi la kikoloni likaua Wapende kwa mamia. Maduka ya Mac Fisheries yalifungwa mwaka 1979, wakati maduka makubwa ya kujichukulia yalipokwisha kumeza barabara za maduka madogo. Mashamba ya Kongo Unilever iliyauza mwaka 2009. Leverville imerudia jina la Lusanga, Elisabetha ni Lokutu, na huko wakaaji wangali wanadai ardhi ambayo babu zao hawakuulizwa siku ile ya Aprili 1911.