Heinrich Hertz: Jamaa aliyededi na miaka 36, leo jina lake liko kwa kila lapi Thika na Ruiru

Peleka lapi ya ex-UK kwa fundi yeyote Thika ama Ruiru, mwambie afungue kifuniko cha chini. Hapo kwa kadi ya waifai mara nyingi utaona nyaya mbili nyembamba, nyeusi na nyeupe. Kando huenda kuna sloti tupu ambayo aliyekuuzia hakukuambia ni ya nini. Hizo nyaya zina mwenyewe, na ni msee wa kitambo sana.

Heinrich Hertz alizaliwa Hamburg, Ujerumani, Februari 22, 1857. Babake alikuwa wakili, kwa hivyo kejani hakukuwa na njaa. Alianza kusomea uhandisi, akaona si yake, akahamia fizikia. Kufikia miaka 23 alikuwa daktari wa falsafa kutoka Berlin.

Wakati huo kulikuwa na deni la marehemu. James Clerk Maxwell, Mskoti, alikuwa amepiga hesabu zikaonyesha kuna mawimbi ya umeme yanayopita hewani kwa spidi ya mwanga. Alifariki 1879 kabla mtu yeyote hajayashika.

Hertz aliyashika mjini Karlsruhe kati ya 1886 na 1888. Mtambo wake ulikuwa wa jua kali kabisa: upande mmoja nyaya zinazorusha cheche, ng'ambo ya chumba pete ya waya yenye kijipengo. Cheche ikilipuka huku, kacheche kengine kanatokea kwa pete, na hakuna waya umeunganisha. Kalikuwa kadogo hadi alilazimika kukaa gizani ndio akaone. Baadaye akaweka bati la zinki ukutani, mawimbi yakagonga na kurudi, akapima urefu wake. Yalikuwa ya mita kadhaa.

Huo urefu ndio siri ya antena. Wimbi la waifai ya gigahezi 2.4 lina kama sentimita 12.5, na antena inaweza kutosheka na robo yake, sentimita 3 hivi. Ndiyo maana inafichwa juu ya skrini na waya wake unapita kwa bawaba. Ukibadilishiwa skrini halafu waifai ianze kushika tu ukikalia rauta, usikimbilie kununua kadi mpya. Kwanza uliza kama ule waya ulirudishwa.

Na sloti tupu? Kwa lapi nyingi za ofisi ilitengewa kadi ya laini ya simu. Hiyo inataka antena zake, kwa sababu mawimbi mengi ya simu ni marefu kuliko ya waifai. Lapi zingine zina nyaya tayari, zimefungwa tepu pembeni. Zingine zina sloti tu bila waya, na hapo kadi utakayonunua itakuwa pambo. Angalia kabla ya kutoa ganji.

Kinachouma ni kwamba Hertz mwenyewe hakuona biashara hapo. Mwaka wa 1889 mhandisi mmoja alimuuliza kama mawimbi hayo yanaweza kubeba simu. Akajibu kwamba ingehitaji vioo vikubwa kama bara zima. Leo wimbi linatoka Thika hadi Ruiru chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, na wewe bado uko kwa jam.

Hakuishi kurekebisha hilo jibu. Aliugua 1892, akafanyiwa operesheni kadhaa, akafariki Bonn Januari 1, 1894. Alimwacha mkewe Elisabeth na mabinti wawili wadogo. Miaka saba baadaye Marconi alidaka ishara kutoka ng'ambo ya Atlantiki, na 1909 akabeba Nobel.

Manazi walipoingia, picha ya Hertz iliondolewa kwa ukumbi wa jiji la Hamburg, eti kwa sababu ukoo wa babake ulikuwa wa Kiyahudi. Elisabeth na mabinti walihamia Uingereza. Lakini jina halikuondoleka: tangu 1930 hezi ilikuwa kipimo cha kimataifa.