Padre Marin Mersenne na Orodha Yenye Makosa



Namba 2,147,483,647 haigawanyiki kwa namba nyingine yoyote ila 1 na yenyewe. Shuleni tulifundishwa kuiita namba tasa. Hii ina na jina la ziada: ni namba tasa ya Mersenne, na Mersenne alikuwa mtawa na padre.

Marin Mersenne alizaliwa tarehe 8 Septemba 1588 huko Oizé, Ufaransa, katika familia ya watu wa kawaida. Alisoma kwa Wayesuiti huko La Flèche, kisha akasoma teolojia Paris. Mwaka 1611 alijiunga na Waminimi, shirika la Mtakatifu Fransisko wa Paola, ambao wakati huo waliishi kana kwamba Kwaresima haiishi: hawakula nyama, mayai wala maziwa. Baada ya kupewa upadre alifundisha falsafa Nevers, na tangu 1619 makao yake yakawa konventi ya Paris.

Chumba chake kiligeuka kuwa kama posta ya wataalamu wa Ulaya. Descartes, Fermat na Torricelli walimwandikia, naye alipeleka swali la huyu kwa yule. Mwaka 1634, mwaka mmoja tu baada ya Galileo kuhukumiwa, alichapisha kwa Kifaransa kazi ya Galileo juu ya mekanika.

Mwaka 1644 alitoa orodha yake maarufu. Chukua 2×2×2, ambayo ni 8, utoe 1: unapata 7, namba tasa. Zidisha mbili tano, utoe 1: unapata 31, nayo ni tasa. Lakini zidisha mbili kumi na moja, utoe 1: unapata 2,047, ambayo ni 23×89. Mersenne alitaja ni mbili ngapi zinazoleta namba tasa, hadi kufikia mbili 257. Yeye mwenyewe alikiri kwamba kuipima namba ya tarakimu 15 au 20 kungemaliza muda wote.

Mwaka 1772 Euler, akiwa karibu kipofu kabisa, alithibitisha ile ya mbili 31, ndiyo namba tuliyoanza nayo. Lakini ya mbili 67 haikuwa tasa: mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole alionyesha kuwa ni 193,707,721×761,838,257,287. Ya mbili 257 pia haikuwa tasa, na namba tatu zilizostahili (61, 89 na 107) zilisahauliwa. Orodha nzima ilimalizika kuhakikiwa mwaka 1947.

Mersenne alifariki Paris tarehe 1 Septemba 1648, akiwa ameagiza mwili wake upasuliwe kwa faida ya elimu.

Makosa matano, na bado namba hizo zinaitwa kwa jina lake. Aliweka wazi alichodhani ili wengine wakipime, na kwa kukipima wakagundua njia mpya za hesabu. Sisi tunaosoma falsafa tunapenda kunyamaza mpaka tuwe na hakika, au kung'ang'ania tulichokwisha kusema. Padre huyu hakuogopa kusahihishwa, kwa sababu ukweli aliouamini ni wa Mungu, si mali yake.